Vigoda Vyenye Joto

Hapo zamani, zamani hasa, wakati babu wa babu zenu bado wanabebwa mgongoni, palikuwa na mtoto wa kike akiitwa Mashavu. Sogeeni karibu. Anayetafuna muwa na ateme makapi kabisa, maana hadithi hii ina mahali pake pa kunyamaza, na tukifika hapo sitaki kumsikia mtu akitafuna.

Mashavu alikuwa na miaka minane na hajapata kuuona uso wa mtu. Alizaliwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho, kulia na kushoto, mboni nyeupe kama ute wa yai lililoiva. Wazazi wake waliondoka kwa ndui mwaka mmoja, akabaki na bibi yake mzaa mama, Bi Mwatumu. Majirani walisema nyumba ile ina watu wawili tu. Mashavu alijua ni watatu.

Wa tatu ilikuwa Hofu. Ilikuwa na uzito wa paka aliyeshiba, na makao yake yalikuwa kifuani pa Mashavu. Ilinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Ilipumua nyuma yake: yeye akivuta pumzi, nayo inavuta baadaye kidogo, yeye akishusha, nayo inashusha baadaye kidogo. Akikaribia kisima, inamkaba. Akisogelea jiko, inamkaba. Akikanyaga njia yenye nyoka, inamkaba mpaka arudi nyuma. Hakumwambia mtu. Alidhani kila mtoto ana yake.

Sasa ng'ambo ya mto aliishi Fundi Shaame, mkata macho. Aliweza kuutoa ukungu ule kwa kisu chembamba kama jani la mchaichai. Lakini alikuwa na masharti. Hukata kwenye jua kali tu, na mvua za masika zikianza hufunga kazi mpaka msimu mwingine. Na mtoto asitikisike. Akitikisika na ncha ikateleza, giza lile ni la maisha, hapana fundi mwingine chini ya mbingu wa kuliondoa.

Masika yalikuwa yamebakiza siku nne. Wanaojua walimwambia Bi Mwatumu, "Ukungu wa mjukuu wako umeiva. Mwakani utakuwa umekauka, haukatiki tena. Ni sasa au basi."

Bi Mwatumu alifanya nini? Alifanya wafanyavyo mabibi wote. Alimwogesha mjukuu wake, akamchomeka asumini nyweleni, akamfunga kanga mpya.

"Twende zetu, mke mwenzangu. Tunakwenda harusini."

"Harusi ya nani, bibi?"

"Ya watu. Twende."

Wakatoka. Hatua ya kwanza tu, Hofu ikainuka kifuani. Haikuinuka kwa sababu ya kisima, wala jiko, wala nyoka. Iliinuka kwa sababu ya sauti ya bibi, iliyokuwa tamu kupita kiasi. Walipofika mtoni ilikuwa na uzito wa mtungi uliojaa. Walipofika ng'ambo Mashavu aliuliza, "Mbona harusi haina ngoma?"

"Wamepumzika."

"Mbona hakuna harufu ya pilau?"

"Litapikwa."

Kulikuwa na harufu ya majani yaliyochemshwa na chuma kilichochomwa. Mtu akamshika kichwa kwa mikono miwili, na Mashavu akapiga ukelele uliowarusha kunguru juani. Alijirusha, akapiga mateke, akaita mama aliyekwisha kuoza. Mikono ile ikamwachia.

"Huyu simkati," akasema Fundi Shaame. "Anatetemeka hata mifupa. Mpelekeni kwa Siwatu. Nina siku tatu za jua. Siku ya tatu nitamshika tena kichwa."

Siwatu alikuwa mwanamke aliyekaa na watoto kabla ya kisu. Alimpa Mashavu mkono, na Mashavu akausoma kwa vidole vyake, ndivyo alivyowajua watu. Ulikuwa mkono wa ajabu. Kila kidole kilikuwa na kovu juu ya kovu, ngozi laini ya moto wa kale na ngozi kavu ya moto wa juzi.

"Shikamoo," akasema Mashavu, kwa kwikwi.

"Marahaba. Nani kakwambia unakuja harusini?"

"Bibi."

"Bibi kakudanganya kwa sababu anakupenda. Mimi sijakupenda bado, kwa hiyo nitakwambia kweli. Siku ya tatu utakatwa macho. Kaa hapa, nikueleze yote, na popote utakaposhindwa utaniambia ninyamaze."

Mashavu akanyamaza kulia. Hapana mtu aliyepata kumwambia kwamba anaweza kumnyamazisha mtu mzima.

Siwatu akamweleza. "Kwanza nitakutia maji ya majani. Yatawasha. Hesabu mpaka kumi, mwasho utakwisha, na jicho litakufa ganzi. Kisha utasikia kitu kinasukuma, kama mtu anayebonyeza unga uliokandwa. Huko ndiko kukata. Ukisikia maumivu sema 'ah', usiinue kichwa, na fundi atangoja. Umesikia? Atangoja."

Kisha akamenya tunda la shokishoki, akamwekea kiganjani. Lilikuwa baridi, laini, linateleza. "Hili ndilo jicho. Leo wewe ndiye fundi." Akampa mwiba wa mchungwa. Mashavu akalishika shokishoki, likamponyoka. Akalishika tena, likamponyoka tena. "Tulia wewe!" akaligombeza. "Nitakukataje ukirukaruka?" Akajisikia alivyosema, akacheka. Kifuani, mtungi ule ulishuka ukawa paka.

Siku ya pili walifanya mazoezi ya kulala. Meza ya fundi ilikuwa ya mti mgumu, na desturi ilikuwa mtu mmoja wa nyumbani alale chini ya mtoto, kifua chake kiwe mto. Bi Mwatumu akapanda mezani, mifupa ikilia. "Ukishamaliza ile kumi, usihesabu tena, usiombe," akamwambia mjukuu wake. "Pumua na mimi tu. Nikivuta, vuta. Nikishusha, shusha." Wakalala hivyo asubuhi nzima. Mashavu alisikia moyo wa bibi mgongoni mwake, du, du, du, mwendo wa mtu anayetwanga bila haraka.

Jioni Siwatu akamshika mkono akamtoa nje, barazani. "Kuna jambo moja bado sijakwambia. Hofu yako iko wapi?"

Mashavu alishtuka kama mtu aliyekutwa uchi. "Hapa," akasema, akigusa kifua. "Umeiona?"

"Sijaiona. Lakini kila mtoto anayeletwa kwangu anagusa hapo hapo. Kesho tutaiomba ishuke ikae nje. Haifukuzwi, huombwa. Ni mgeni kama mgeni mwingine, hupewa kigoda na maji ya kunywa. Vigoda vyenyewe ni hivi. Vishike."

Mashavu akapapasa. Vilikuwa saba, vidogo, vimepangwa ukutani. Cha kwanza kilikuwa baridi. Cha pili baridi. Cha tatu kilikuwa na joto, joto la mahali alipoinuka mtu sasa hivi. Akauondoa mkono haraka. Cha nne joto. Cha tano baridi. Cha sita joto, na alipokigusa kigoda hicho alisikia pumzi ikivutwa, ndogo sana, karibu na goti lake.

"Bibi Siwatu, hapa kuna watu?"

"Si watu. Ni hofu za watoto waliopita. Sikiliza vizuri, maana hili ndilo kubwa. Siku ya kufunguliwa kitambaa cha macho, uso wa kwanza utakaouona ndio wako milele. Ukiwa wa mtu, nyumba yake ni nyumba yako, wewe utamtunza na wewe utamzika. Lakini Hofu nayo huja ikasimama na watu. Ukiiona yenyewe kwanza, inarudi kifuani, na wewe unakuwa mtoto asiye na nyumba, leo unalala huku, kesho kule. Usipoiona, inabaki kigodani. Haiwezi kukurudia tena."

"Si vizuri ikibaki?"

Siwatu akamwambia kweli, kwa kuwa hakujua kudanganya. "Wote waliopita hapa waliwatazama watu wao. Vigoda vyenye joto ni vya walio hai. Vya baridi ni vya waliokufa. Mmoja aliondoka akiona vizuri kuliko mwewe. Siku ya saba aliingia kwenye mto uliofurika, akicheka. Mwingine alimshika nyoka mkononi amtazame rangi. Watatu kati ya sita, mwanangu."

"Na hiki cha sita, kinachopumua?"

"Hicho," akasema Siwatu, "ni changu." Akampa tena ile mikono ya makovu aishike. "Mimi ndiye wa kwanza kukatwa na babake Shaame, ila kigoda changu nimekisogeza huku karibu na mlango. Hivi vidole havijui kuogopa moto mpaka nisikie harufu ya nyama."

Kigoda cha saba kilikuwa kitupu, kimeoshwa.

Siku ya tatu jua lilitoka kali, na mbali huko mawingu yalikuwa yanapanga safu. Siwatu akapiga magoti mbele ya Mashavu, akasema kwa adabu zote, "Mgeni, umekaa sana na umemlinda. Leo tunakuomba utupishe kidogo. Kigoda kipo, maji yapo." Mashavu akaisikia ikisita. Halafu ikashuka. Alisikia miguu midogo yenye maji ikikanyaga sakafu, chap, chap, chap, ikatoka nje. Kifua chake kikabaki kitupu na baridi, nyumba iliyohamwa. Fundi Shaame akamshika kichwa. "Naam," akasema. "Huyu sasa nitamkata."

Siwatu akafunga mlango. "Itapiga hodi," akawaambia wote. "Zote hupiga. Itapiga kwa sauti ya mtoto mwenyewe, mara tatu. Hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni hurudi kigodani. Asiitikie mtu!"

Mashavu akalala juu ya kifua cha bibi. Maji ya majani yakawasha, akahesabu mpaka kumi, yakaacha. Kitu kikasukuma, kama unga uliokandwa, ndivyo hasa alivyoambiwa. Bibi akivuta, anavuta. Bibi akishusha, anashusha. Jicho la kulia likakatwa, likafunikwa. Kisu kikaingia jicho la kushoto.

Wakati huo huo siafu, ambao huikimbia mvua kabla haijanyesha, walipanda mguu wa meza. Mguu wa Bi Mwatumu ulikuwa umening'inia. Wakaupanda nao. Wakauma wayo, wakauma kifundo, wakauma paja. Bibi kizee yule hakutikisika. Machozi yalimtiririka yakaingia nyweleni mwa mjukuu wake, naye anavuta, anashusha, anavuta, anashusha.

Mlangoni kukasikika: "Hodi."

Ilikuwa sauti ya Mashavu. Mashavu mwenyewe amelala, mdomo umefumbwa, na sauti yake iko nje.

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Kisu kimo jichoni.

"Hodi, bibi," ikasema ile sauti, na sasa ilikuwa inalia, kilio kile alicholia Mashavu siku alipoanguka kisimani akiwa na miaka minne. "Nafunguliwa?"

Na Bi Mwatumu, mtu wa miaka sabini, ambaye maisha yake yote hajapata kumwacha mtu mlangoni, tena mtoto, tena anayelia, akasema, "Karibu, mwanangu. Ingia."

Hapa ndipo pa kunyamaza.

Mlango haukufunguliwa na mtu, ulifunguka. Chap, chap, chap. Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikaja mpaka mezani. Mgeni aliyekaribishwa ana haki ya kukaa, na mahali pake palikuwa ni kifuani pa Mashavu. Fundi aliuzuia mkono wake hewani, lakini ncha ilikuwa ndani tayari. Hawezi kuitoa, hawezi kuisukuma. Chini yake Mashavu alisikia moyo wa bibi ukienda mbio. Siwatu aliyaona maji ya nyayo sakafuni. Hakuhisi chochote, na kwa kuwa hakuhisi chochote hakujua afanye nini.

Mashavu akangojea uzito. Haukuja. Badala yake kitu baridi kilimshika vidole vya miguu, kwa upole, kama mtoto anavyomshika mwenziwe wakivuka maji. Kikakaa hapo. Kikapumua. Na safari hii hakikupumua nyuma yake, kilipumua pamoja naye. Akivuta, kinavuta. Akishusha, kinashusha. Mashavu hakutikisika. Fundi akamaliza.

Mvua ikaanza alasiri ile ile.

Siku saba Mashavu alikaa amefungwa kitambaa. Siku ya nane, asubuhi, wakamkalisha kitini barazani. Fundi Shaame alisimama nyuma ya kichwa chake ili asionekane, maana desturi ni kwamba mkataji uso wake hauhesabiwi. Kulia alisimama Bi Mwatumu. Kushoto alisimama Siwatu. Na mbele, penye kigoda cha saba, palinuka majivu yenye maji.

"Kabla sijafungua," akasema Fundi, "kila mwenye dai na aseme. Mtoto ndiye atakayegeuza uso."

Bi Mwatumu akasema, "Mimi nimemlea hajaota meno. Miaka minane nimekuwa macho yake. Siku ya kisu nililala chini yake, nikaliwa na siafu mguu mzima, sikutikisa hata ukucha. Ningetikisika mimi angetikisika yeye. Harusi nilimdanganya, kweli. 'Karibu' ilinitoka, kweli. Lakini mdomo wangu una miaka sabini unaitikia hodi. Nikirudi peke yangu kwenye nyumba ile, nani atakayejua kwamba leo sikuamka?"

Siwatu akasema, "Bila mimi asingelala mezani hata kidogo. Yeye alimtia hofu kwa uongo, mimi nikaishusha kwa kweli. Nilimpa mwiba na tunda mkononi, nikamwambia hata yale ya vigoda ambayo hapana mtoto niliyepata kumwambia. Nimewatuliza watoto watano kabla yake, kila mmoja akamgeukia mamake, nami sikuomba kitu. Leo naomba. Nataka mtu mmoja nyumbani mwangu wa kuniambia, 'Siwatu, toa mkono motoni.'"

"Kweli yako ilikugharimu nini?" akafoka Bi Mwatumu. "Asiyejua kuogopa, kusema kweli kwake ni kama kupiga chafya! Mimi nilikuwa natetemeka kwa ajili yake, ndiyo maana nikadanganya."

"Na ulipomkaribisha mgeni kisu kikiwa jichoni, ulikuwa unatetemeka kwa ajili ya nani?"

Bi Mwatumu akainamia fimbo yake. Alilia tu, waziwazi, mbele ya watu.

Ndipo mbele yao ikasikika sauti ya Mashavu, na midomo ya Mashavu haijafunguka. Ilikuwa ndogo, imechoka.

"Mimi sina nyumba ya kumpa. Nilimzuia kisimani, alipoanguka ni kwa sababu nilikuwa nimesinzia. Nilimzuia motoni. Nilimzuia kwa nyoka. Nilipoombwa nitoke, nilitoka. Nilipokaribishwa nikae, sikukaa. Kama ningemtikisa siku ile angekuwa kipofu milele, na mimi kazi yangu ni kutikisa, tangu dunia iumbwe hakuna Hofu iliyofanya nilivyofanya. Asiponitazama, nitakaa hapa na wenzangu. Sitamlaumu. Ila sasa ana macho, naye ataviona visima vyote vya dunia, na vyote vitampendeza."

Kwenye vigoda, pumzi tatu zilivutwa kwa pamoja.

Mashavu alikaa, mikono mapajani. Kulia alisikia harufu ya asumini ya bibi, na mguu wenye vidonda ukiegemea fimbo. Kushoto, ngozi laini ya makovu ilimgusa bega mara moja ikaondoka. Mbele, kitu kilikuwa kinapumua, na alipovuta pumzi, nacho kilivuta. Alitaka kuwaangalia wote. Alijua kwamba wa kwanza ni mmoja tu, na kwamba wawili atawaumiza mpaka kufa kwao. Alikuwa na miaka minane.

Fundi akafungua fundo. Kitambaa kikaanguka mapajani. Macho bado yamefumbwa, lakini wekundu wa jua umekwisha kupenya kwenye kope, wa kwanza maishani mwake, na kichwa chake kimeanza kugeuka.

Haya, semeni, na semeni upesi, maana kope zinacheza. Bibi aliyedanganya kwa mapenzi akaliwa na siafu kimya, akasahau onyo kwa sababu ya ukarimu? Siwatu aliyesema kweli yote na hajui kuogopa? Au Hofu, iliyokaribishwa ndani ikakataa kukaa? Je, nani alistahili uso wa kwanza wa Mashavu?